Hela ya Soda na Adabu Zake

Kabla ya kuongelea bakshishi, ile tunayoiita hela ya soda, tumalize kwanza habari ya bili. Wateja wengi wa Dar wanaosifika kwa kuachia vizuri ndio hao hao wanaotuingiza shoti, yaani upungufu wa hesabu tunaoulipa sisi wahudumu.

Kazi hii nimeianzia Sinza nikiwa binti wa kubeba kreti, nikapita hoteli moja ya mjini upande wa vyumba, na sasa nasimamia ukumbi wa mgahawa mmoja huku Mikocheni. Haya ndiyo ninayowajibu ndugu na marafiki kila wakiniuliza, "Dada, kwani pale mtu anaacha shilingi ngapi?" Swali lenyewe huwa linakuja wakati mtu ameshasimama na funguo za gari mkononi, kwa hiyo jibu langu huwa fupi. Leo nalirefusha.

Bili ni ya mhudumu kabla haijawa yako

Kwenye baa nyingi za mtaani mambo yako hivi. Mhudumu anachukua vinywaji kaunta kwa hela yake ya mfukoni, au anaandikiwa kwa jina lake. Wewe kaunta haikujui. Ukiagiza bia sita mkalipa tano kwa sababu mwenzenu aliaga akidhani kuna mtu atamlipia, ile ya sita inabaki shingoni kwa binti wa watu. Saa nane usiku anapofunga hesabu inakatwa hapo hapo, na hakuna anayemuuliza ilikuwaje. Hiyo ndiyo shoti. Meza moja ya namna hiyo inameza kila alichoachiwa na meza nyingine zote usiku mzima.

Kwa hiyo mkikaa wengi, mwambieni mapema nani analipa, au lipeni kila raundi inapofika. Chupa tupu ziacheni mezani. Msizisukume chini ya kiti eti meza ipendeze. Zile ndizo daftari. Nilikuwa na dada mmoja Sinza aliyekuwa anapanga vizibo kwenye kisosi katikati ya meza, mbele ya wateja wenyewe, na kila akileta bia anadondosha kizibo chake pale. Mwisho wa usiku hakuna ubishi: mnahesabu pamoja, kwa sauti, mnalipa. Ukiona mhudumu anafanya hivyo usikasirike ukadhani anakushuku. Anakulinda wewe na kujilinda mwenyewe.

Ukilipa kwa simu, usimuoneshe meseji yako ya muamala ukainuka. Meseji za kughushi zimeliza wengi. Subiri mpaka ya kwao iingie, na kama mtandao unasuasua, kaa umalizie kinywaji chako. Na ile "nitakutumia nikifika nyumbani" iondoe kabisa kwenye msamiati wako, hata kama unatoka na nia njema na chaji ya simu imekuishia. Acha kitambulisho kaunta, au mpigie mtu akulipie.

Jambo la mwisho kuhusu bili ni kuisoma. Hoteli kubwa na migahawa kadhaa ya Masaki na Oysterbay huweka sevisi chaji chini ya jumla. Ukiikuta, umeshachangia huduma. Ukitaka kuongeza ni hiari yako. Ila kuna mstari mwingine unaowachanganya watu: VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida huku Bara ni asilimia 18, na kwenye bili ya 118,000 maana yake ni kwamba 18,000 ni ya serikali. Nimeshabishana na mzee mmoja msomi kabisa aliyekuwa amekunja risiti ya EFD, akininyooshea ule mstari: "Si nimeshawapa elfu kumi na nane nyie?" Hapana mzee wangu, hiyo inakwenda TRA. Mhudumu haioni hata kwa mbali.

Shilingi ngapi sasa?

Tusianze na asilimia za kwenye sinema. Marekani watu wanaacha asilimia 15 mpaka 20 kwa sababu sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, halafu bakshishi ndiyo inajazia. Yapo majimbo yaliyopandisha, lakini msingi ndio huo: kule mteja analipa mshahara. Ujapani, kinyume chake, ukiacha chenji mezani mhudumu anaweza kukukimbilia mlangoni kukurudishia.

Huku kwetu mhudumu anatakiwa kuwa na mshahara, na serikali inapanga kima cha chini kwa kila sekta. Tatizo ni kwamba mshahara wenyewe ni mdogo, na kuna sehemu unachelewa. Bakshishi inaziba pengo, na mara nyingi pengo hilo lina jina: usafiri wa usiku. Mgahawa ukifunga saa sita, daladala zimeshapungua na wengi wetu tunaishi mbali: Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Bunju ndani huko. Hapo ni bodaboda, na bodaboda wa usiku hana huruma kwenye bei. Ukiwa meza ya mwisho kuondoka na umetukalisha mpaka viti vimepandishwa juu ya meza, hesabu yako ianzie kwenye nauli hiyo.

Viwango nitakavyotaja ni vyangu, nimevipata kwa kuona watu wa kawaida wanavyofanya. Baa ya mtaani, buku (elfu moja) au buku mbili kwa usiku mzima inatosha na inashukuriwa. Wengi wanaacha chenji iliyobaki tu. Mgahawa wa kukaa na familia, bili ikiwa elfu sitini, acha elfu tatu mpaka tano. Sehemu za bei kubwa zisizo na sevisi chaji, asilimia 5 mpaka 10. Kama vyuma vimekaza, sema asante ukimwangalia usoni na uende zako. Hakuna mhudumu mwenye akili anayekasirika kwa kukosa bakshishi. Tunakasirika na mtu aliyetutuma mara kumi na mbili, huku ndimu, huku pilipili, huku chumvi, huku toothpick, kila kimoja kwa safari yake, akaondoka hata kwa heri hakuna.

Mama lishe usimwachie bakshishi. Mlipe hapo hapo, bila deni. Mtaji wake anauzungusha kila siku, na wali maharage wako wa leo ndio mchele wa kesho asubuhi. Ukitaka kumfurahisha, nenda na noti ndogo. Kumletea mwekundu, noti ya elfu kumi, saa moja asubuhi kwa chapati mbili na chai ni kumtuma mtaa mzima akatafute chenji huku sufuria iko motoni.

Na noti yenyewe iwe nzima. Kuna watu wanatunza noti zilizochanika kwa ajili ya bakshishi, kwa kuwa dukani zimekataliwa. Unamwachia binti buku lenye gundi ya karatasi katikati, alfajiri konda anamrudishia mbele ya abiria wote. Bora usingempa.

Ifike mkononi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela nyingi za soda zinapopotelea.

Siku hizi kila meza ina kibao cha Lipa Namba, namba ya biashara ya kulipia kwa simu. Mteja anaona bili ni 47,000, anatuma 50,000, anasema "nyingine yako dada," anatoka akiwa na amani moyoni. Ile hela imeingia kwenye akaunti ya biashara. Ili mhudumu aipate, lazima keshia akubali kumtolea elfu tatu kutoka kwenye droo, na ili keshia akubali, lazima meneja awe ameruhusu. Kuna sehemu wanatoa vizuri tu, na kuna sehemu inaitwa "zidio la mauzo" na inaishia hapo. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo hela iliyozidi kwenye simu ilikuwa ya bosi, kimya kimya, na mteja aliyetuachia elfu kumi akirudi wiki inayofuata anashangaa mbona hatumchangamkii.

Njia salama: bili lipia Lipa Namba kiasi kamili, bakshishi toa taslimu. Huna taslimu? Muulize, "Kuna namba yako nikutumie ya soda?" Ukiuliza, uliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya mwenzake, ili isionekane unaomba namba kwa kazi nyingine. Ukishatuma, ifute. Nasisitiza, ifute. Meseji ya "umefika salama mrembo" saa saba usiku inaiharibu ile hela yote. Kwenye kadi ni vile vile: ukiongeza kwenye mashine, inakwenda benki ya mwenye mgahawa.

Halafu kuna kapu. Migahawa mingi wanakusanya bakshishi zote kwenye boksi moja na kugawana mwisho wa siku au wiki, pamoja na jikoni na waosha vyombo. Mimi binafsi napenda kapu, kwa sababu yule kijana anayegeuza mishkaki kwenye moshi hakuna mteja anayemuona. Lakini kapu linafaa kama mwenye funguo ni wafanyakazi wenyewe. Uingereza jambo hili wamelitungia sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024: mwajiri lazima awafikishie wafanyakazi bakshishi yote bila kujikatia. Huku silaha yako ni swali moja tu kwa mhudumu: "Hii mnagawana au ni ya kwako?" Atakujibu. Akiangalia pembeni kwanza kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Hotelini, upande wa vyumba, kosa la kawaida ni kusubiri siku ya kuondoka. Anayetandika kitanda chako Jumatatu si lazima awe zamu Alhamisi. Acha kidogo kila asubuhi, buku mbili au zaidi, juu ya mto au mezani na kikaratasi cha "asante kwa usafi". Kile kikaratasi kina kazi. Mtu wa vyumba akikuta hela imelala tu haigusi, na akiigusa anaweza kupoteza kazi siku mgeni akisema ameibiwa. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kukunja shuka.

Kuita, kuagiza, kulalamika

Usipige mluzi. Usigonge chupa kwa kijiko. Ile "psss" inayopigwa kwa meno, hata paka wa Magomeni siku hizi anaidharau. Inua mkono, subiri macho yakutane, sema "samahani dada" au "kaka, ukipata nafasi." Akiwa mtu mzima kwako, mwite mama au mzee, na shikamoo haipungui kwa sababu amevaa aproni. Nimeona vijana wa miaka ishirini na kitu wanamwita mlinzi mwenye mvi "oya" huku wakimrushia funguo awageuzie gari. Baba yako angeitwa hivyo ungepigana.

Salimia kabla ya kuagiza. "Habari za kazi" inachukua sekunde mbili. Mteja anayesalimia anaambiwa ukweli: kwamba samaki wa leo wamelala, kwamba supu ya mbuzi imebaki ya chini kabisa, kwamba kuku wa kienyeji ukimwagiza sasa hivi utakaa saa nzima. Asiyesalimia anaandikiwa alichotaka.

Hilo la kuku lina kelele nyingi, kwa hiyo tuelewane. Chakula kikichelewa, aliyekuletea habari siye aliyepika. Muulize jikoni wamefika wapi, na kama huwezi kusubiri, badilisha mapema, kabla kuku hajaingia kwenye mafuta. Ukikosewa, sema kitu kimoja na unachotaka kifanyike: "Niliomba ndizi, nimeletewa chipsi, naomba nibadilishiwe." Mkichukuana juu juu mbele ya watu, meneja atamkata hela ili kukuridhisha wewe, na chipsi zako zitabaki kuwa chipsi. Ukiona jambo ni kubwa, omba kuongea na msimamizi pembeni. Sisi ndiyo kazi yetu.

Kuhusu "jinunulie na wewe moja": ni ukarimu wa kibaa, na hauna ubaya. Ila mhudumu hawezi kunywa kila anachonunuliwa halafu afunge hesabu vizuri. Wengi wanakubaliana na kaunta wachukue thamani yake badala ya chupa. Usimsimamie eti anywe mbele yako ndiyo uamini. Ukishampa, ni yake. Na kumnunulia bia hakukupi kiti cha yeye kukaa, wala kiuno cha kushika. Nimeona wanaume wanaweka elfu kumi mezani, wanaiwekea na kidole juu, wanasema "kaa kwanza." Binti ana meza saba zinamsubiri na msimamizi anamtazama. Msimamizi akiwa mimi, nakuja kukaa mwenyewe.

Wengine, kwa haraka

Saluni, msusi au kinyozi ana bei yake. Wa kukumbukwa ni yule anayekuosha kichwa, maana mara nyingi analipwa kidogo kuliko wote. Jero (mia tano) au buku mpe mwenyewe mkononi. Bodaboda na bajaji mmeshapatana bei, kwa hiyo kama amekusubiri kwenye mvua au amekubebea gesi mpaka ghorofani, ongeza. Vinginevyo mlipe mlichokubaliana na usianze kupatana upya mkifika. Dereva wa Bolt anakatwa kamisheni na kampuni, kwa hiyo kumwachia chenji si vibaya. Konda haachiwi. Konda atajiachia mwenyewe usipodai chenji yako.

Wabeba mizigo wa Kariakoo na stendi ya Magufuli kule Mbezi wako tofauti: pale ni bei, si bakshishi. Patana kabla mzigo haujapanda begani. Ukisema "tutaelewana mbele," mbele mtagombana, na yeye ndiye ameshatoa jasho.

Na kuna watu hawapewi kabisa. Muuguzi wa hospitali ya serikali, karani wa ofisi ya umma, askari wa barabarani. Hata ukiita ya soda, hata ukiita ya maji, hela unayompa mtumishi wa umma ili faili lako lipande juu ina sheria yake, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, na ina wenyewe, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kipimo changu ni chepesi: bakshishi inatolewa huduma ikishaisha, na haimrukishi mtu foleni. Ukimkuta muuguzi mwema, andika jina lake kwenye barua ya pongezi umpelekee mganga mfawidhi. Barua kama hizo zinabandikwa ukutani na watu wanazisoma.

Ukiwa wewe ndiye kamati

Harusi ndiyo sehemu ambayo Dar nzima tunageuka waajiri kwa usiku mmoja, na tunakuwa waajiri wabovu. Wanaohudumia meza pale ukumbini, wengi ni deiwaka: wameitwa na mtu wa chakula, wamekuja na suruali nyeusi na shati jeupe la kuazima, wamesimama tangu saa nane mchana wakipanga viti, na hawana mkataba na mtu yeyote. Kamati imekaa vikao miezi mitatu ikibishana rangi ya vitambaa. Wao hawamo kwenye bajeti.

Waingizeni. Kwanza chakula: mwambieni mpishi atenge sahani zao mapema, kabla ya wageni kufungua foleni, kwa sababu baada ya mzunguko wa pili wa wajomba hakuna kinachobaki zaidi ya mifupa. Pili vinywaji: mjumbe mmoja wa kamati apokee kreti kwa kuhesabu akiwa na mkuu wa wahudumu, wahesabu pamoja tena chupa tupu mwisho. Bila hivyo, kreti mbili zikipungua wataitwa wezi, wakati anko wa bibi harusi alishazipakia kwenye buti tangu saa tatu. Tatu usafiri: kama ukumbi uko Mbezi Beach na wao wanatoka Temeke, Coaster iliyoleta wapambe inaweza kuwarudisha.

Hela yao iwe kwenye bahasha, kila mtu na yake, mfukoni mwa mweka hazina kabla keki haijakatwa, na igawiwe usiku ule ule. Kuna kamati zinasema "tutawamalizia kwenye kuvunja kamati." Kwenye kuvunja kamati kuna nyama choma, kuna hotuba za kupongezana, kuna bia zilizobaki. Wale vijana hawaalikwi, na wengine hata namba zao za simu hamna.